Wiki sita Berlin: nijiandaeje nione zaidi ya Lango na Ukuta?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma historia, mwaka wa pili. Nimepata nafasi ya kozi ya majira ya joto mjini Berlin, wiki sita, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai. Ada na malazi vimeshalipiwa. Kila ninayemwambia ananitajia Lango la Brandenburg, mnara wa televisheni na vipande vya Ukuta. Nitaviona, ila sitaki kurudi na picha zilezile alizonazo kila mtu. Nijiandaeje ili nione zaidi? Na je, nihangaike na Kijerumani wakati kozi yenyewe itafundishwa kwa Kiingereza?"

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya nianze kuwaandaa wanafunzi wanaokwenda huko. Safari yangu ya kwanza Berlin nilikuwa na orodha ya sehemu za kutembelea, imeandikwa vizuri, imepangwa siku kwa siku. Makumbusho ya viumbe na mawe, Museum für Naturkunde ya pale Invalidenstraße, niliipangia Jumanne mchana. Nikaingia, nikasimama chini ya kiunzi cha dinosaria kinachojaza ukumbi mzima, kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 juu ya sakafu. Nikapiga picha, nikatoka kwenda kutafuta kahawa. Kwenye maelezo ya kiunzi kile palikuwa na neno Tendaguru. Nililisoma kwa macho yangu haya, nikalipita kama mtu anavyopita jina la duka.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nikajua nilichokipita. Tendaguru ni kilima kilichoko Lindi. Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuuacha ukanda wa kusini na njaa na makaburi, wataalamu kutoka Berlin walianza kuchimba pale, wakachimba hadi 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu, kwa miguu, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi kwa heshima yake mwaka 2007: Australodocus bohetii. Kiunzi kile kikubwa kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na hadi leo watoto wa shule wa mji ule hupelekwa kukitazama.

Muda nilikuwa nao, tiketi nilikuwa nayo, hata kamera nzuri nilikuwa nayo. Swali ndilo sikuwa nalo. Sikwenda pale nikiwa natafuta chochote, basi sikupata chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na mengine yote ni nyongeza yake, ni huu: kabla hujafunga begi, chagua swali moja utakalolifuata kwa wiki sita. Liwe lako, na liwe dogo. "Nataka kuijua historia ya Ujerumani" si swali, ni mzigo. "Mji uliogawanywa kwa miaka 28 uliunganishaje tena mabomba yake ya maji na njia zake za treni?" hilo ni swali, na litakupeleka kwenye vituo ambavyo hakuna basi la watalii linalosimama. Ukiwa na swali, huhitaji tena kumuuliza mtu uende wapi, kwa sababu kila jibu linakuelekeza pa kwenda kesho.

Kama huna lako, nakuazima moja ambalo nimelitembea mwenyewe: Kiswahili kilifikaje Berlin, na kimeacha alama gani?

Mwaka 1887 chuo kikuu cha Berlin kilifungua taasisi ya kufundisha lugha za mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zake. Maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wanaelekea koloni la Afrika Mashariki walipaswa kujua kuamuru na kununua. Lakini profesa wa Kijerumani peke yake hatoshi, lazima awepo mtu wa kutamka. Wakaletwa Waswahili wenyewe. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu aliyeandika kwa kina desturi za watu wa mrima. Alifundisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, akaoa huko, akafia huko mwaka 1927.

Baada yake akaja mwingine ambaye habari zake zitakukaa kichwani. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Akiwa bado mdogo kabisa alitumika upande wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1929 akafika Berlin, na moja ya mambo aliyoyafuata ni mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikuwahi kulipwa. Hawakumlipa. Akabaki. Akawa mhudumu katika jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akaigiza sehemu ndogondogo katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu kama msaidizi. Kijerumani jina lake likawa Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa ambalo Wanazi waliliita kuchafua mbari, yaani uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila kufikishwa mahakamani akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Leo ana jiwe. Pale Brunnenstraße namba 193, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz, kuna kipande cha shaba kilichozamishwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, upana wake sentimita 10 kwa 10, kimeandikwa jina lake. Kiliwekwa 2007. Mawe ya namna hii huitwa Stolpersteine, mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeyaanzisha katika miaka ya 1990, na kufikia 2023 yalikuwa yameshapita laki moja katika nchi nyingi za Ulaya. Huwekwa mbele ya nyumba ambayo mtu aliishi kabla ya Wanazi kumwondoa. Ukitaka kulisoma huna budi kuinama, na ukiinama kila mtu njiani anajua unafanya nini. Andika anwani hiyo kwenye daftari lako sasa hivi. Mimi nililipita mara mbili nikiwa naangalia namba za milango.

Ukishamwona Husen pale mlangoni, Sachsenhausen inakuwa mahali pengine kabisa. Wengi huenda kama sehemu ya ziara ya nusu siku, wanarudi wamechoka na hawajui waseme nini. Wewe utakwenda kumtafuta mtu mmoja unayemjua jina. Kambi iko Oranienburg, mwisho wa njia ya treni S1, na kuingia ni bure. Angalia kitu kimoja: Oranienburg iko ukanda C wa nauli, na tiketi ya kawaida ya mjini ni ya A na B tu. Tembea kwa miguu kutoka kituoni, kama nusu saa hivi, beba maji yako, na siku hiyo usipange kitu kingine jioni. Nimeshuhudia wanafunzi wakitoka pale moja kwa moja kwenda kwenye sherehe, na wote walijuta.

Kisha nenda Wedding, eneo mojawapo la Berlin. Shuka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, kinachoitwa Afrikanische Straße, au kimoja kabla yake, Rehberge. Hapo uko kwenye mtaa mzima ambao barabara zake zina majina ya makoloni na mahali pa Afrika: Togostraße, Kameruner Straße, Ugandastraße, Tangastraße, Usambarastraße, Sansibarstraße. Majina ya kwanza yaliwekwa 1899. Mwanafunzi mmoja niliyekwenda naye alisimama mbele ya kibao cha Sansibarstraße, akakitazama sana, kisha akasema, "Mwalimu, hata kuandika hawajui." Nikamweleza kwamba kwa Kijerumani S ya mwanzo wa neno husomwa kama Z yetu, kwa hiyo jina linatamkika sawasawa. Akacheka, lakini alikuwa ameshaanza kusoma mji.

Jambo la kuvutia zaidi liko kwenye barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee. Mwaka 1939 iliitwa hivyo kwa heshima ya Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba. Ilipofika 1986, jina likaanza kuona haya. Badala ya kulifuta, wakuu wa wilaya wakatafuta Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi, wakasema kuanzia sasa barabara ni ya huyu. Kibao kilekile, mtu mwingine! Wanaharakati hawakuridhika, wakaendelea kudai kwa miaka mingi, hadi tarehe 23 Agosti 2024 barabara ilipogawanywa na kupewa majina mawili mapya: upande mmoja Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa katika maandamano ya 1959, na upande wa pili Maji-Maji-Allee. Nenda ukasimame pale panapokutana majina hayo mawili. Wewe unayesoma historia huhitaji kuambiwa uandike nini.

Hapohapo Togostraße kuna maktaba ya shirika la EOTO, yenye vitabu vya waandishi Weusi. Waandikie kabla hujasafiri uulize siku za kufungua na kama kuna matembezi ya kuongozwa. Shirika la Berlin Postkolonial nalo limejikita katika historia hii ya majina ya mitaa. Matembezi ya saa mbili na mtu anayeujua mtaa yana faida kuliko siku tatu za kuzunguka peke yako, na hapo sibishani na mtu.

Nimekaa sana kwenye swali hili kwa sababu nalipenda. Lako likiwa jingine, njia ni ileile: jina la mtu, anwani yake, kituo cha treni, na tarehe. Vitu hivyo vinne vitafute ukiwa nyumbani, kwa utulivu, si ukiwa umesimama kwenye kona ya barabara na simu yenye chaji asilimia sita.

Mfano mfupi wa swali jingine. Ukuta ulijengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961. Siku hiyo viwanda vya Berlin Magharibi vilipoteza wafanyakazi waliokuwa wakivuka kila asubuhi kutoka mashariki. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ikatia saini mkataba wa wafanyakazi na Uturuki. Mkataba ulikuwa ukizungumzwa kabla ya Ukuta, lakini tazama tarehe hizo mbili zilivyokaribiana, halafu Jumanne au Ijumaa nenda kwenye soko la Kituruki la Maybachufer, kando ya mfereji. Watalii wanakwenda pale kula. Wewe nenda ukanunue mboga za wiki, na utasikia historia ya Ukuta kutoka upande ambao vibao vya ukumbusho havisemi. Na ukitaka kuuona Ukuta wenyewe ulivyokuwa, na eneo la kifo lililokuwa katikati, nenda Bernauer Straße. Kibanda cha Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia Ukuta, kinachopigwa picha kila dakika ni cha kuiga.

Sasa Kijerumani. Ndiyo, jifunze, ila ujue unajifunzia nini. Darasani utatumia Kiingereza, na vijana wa Berlin watakujibu kwa Kiingereza hata ukijitahidi. Kijerumani utakihitaji kwa kusoma. Kadiri unavyotoka kwenye sehemu za watalii, ndivyo vibao vinavyobaki kwa Kijerumani peke yake. Kwa hiyo, kwa wiki kumi zilizobaki, dakika ishirini kila siku, jikite kwenye kusoma vibao, tarehe, menyu na matangazo ya treni. Maneno marefu yasikutishe. Wewe umekua na lugha inayosema "hawakutufundisha" kwa neno moja. Straßenbahnhaltestelle haiwezi kukushinda. Lisome kama treni yenye mabehewa, ukianzia behewa la mwisho: kituo, cha kusimama, cha treni, ya barabarani.

Namba zifanyie mazoezi ya sikio. Sisi tunasema ishirini na moja, wao wanasema moja na ishirini, na mtu akikutajia namba ya chumba haraka utaigeuza. Na saa! Ukiambiwa mkutane "halb neun", akili itakuambia ni nusu baada ya tisa, kwa mshale wa saa yao, yaani saa tatu na nusu asubuhi yetu. Sivyo. Maana yake ni nusu kuelekea tisa: saa mbili na nusu. Kijana mmoja niliyemwandaa mimi mwenyewe, na nikasahau kumwambia hilo, alifika saa nzima baadaye kwenye matembezi aliyoyalipia. Alikuta uwanja mtupu.

Sentensi moja ikariri kikamilifu: Entschuldigung, ich lerne noch Deutsch. Samahani, bado najifunza Kijerumani. Hiyo hulegeza nyuso kuliko salamu yoyote.

Mambo ya makaratasi nitayapita haraka. Wiki sita zimo ndani ya viza ya muda mfupi ya Schengen, inayoruhusu hadi siku 90 katika kila siku 180. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla, na kwa majira ya joto usithubutu kungoja hizo siku 15, maana miadi hujaa. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka. Na kabla hujalipa ada ya viza, uliza: sheria ya Schengen inawasamehe ada wanafunzi wanaokwenda kwa masomo. Wengi hulipa kwa sababu hawakuuliza.

Wiki hii mwandikie mratibu wa kozi barua pepe yenye maswali mawili. La kwanza: silabasi iko tayari? La pili: insha ya mwisho wa kozi unaweza kuchagua mada mwenyewe? Ukikubaliwa, swali lako la matembezi linakuwa swali la insha, na utakuwa na sababu ya kugonga milango. Mlango mmoja wa kuugonga ni Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho, Bundesarchiv, iliyoko Lichterfelde. Majalada ya iliyokuwa wizara ya makoloni yako huko, katika kundi liitwalo R 1001, na sehemu kubwa imeshawekwa kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kuanza kuyapekua ukiwa chumbani kwako. Nakutahadharisha kuhusu mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani. Hata Wajerumani wenyewe huhitaji kujifunza kuusoma. Anza na kurasa zilizopigwa chapa. (Nyaraka za ofisi ya gavana mwenyewe hazikuhama, ziko Dar es Salaam. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba nusu ya historia wanayoifuata Ulaya wameiacha nyuma yao.)

Sehemu ya pili ya maandalizi haihusu kusoma. Chagua mahali pamoja pa kawaida utakaporudi kila wiki, siku ileile, saa ileile, bila kazi yoyote. Mimi humpeleka kila mtu Tempelhofer Feld. Ni uwanja wa ndege uliofungwa Oktoba 2008 na kufunguliwa kuwa bustani ya watu wote Mei 2010, zaidi ya hekta 300 katikati ya mji, na njia za kurukia ndege bado zipo, zina alama zake. Serikali ya mji ilitaka kujenga nyumba pembezoni. Tarehe 25 Mei 2014 wakazi wakapiga kura ya maoni, wakakataa. Mjadala haujaisha, kwa sababu nyumba za kupanga ni shida kubwa. Juni jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Keti pale kuanzia saa moja jioni. Mara ya kwanza utaona watu tu. Mara ya tatu utamtambua mzee wa tiara, wasichana wa viatu vya magurudumu, familia inayogombana kila wiki kuhusu makaa ya kuchomea nyama. Mara ya tano kuna atakayekusalimu. Mahali hapafunguki siku moja.

Ukiwa huko, vuka hadi makaburi ya Columbiadamm, pembeni ya uwanja. Kuna jiwe kubwa la kuwaenzi wanajeshi wa Kijerumani waliokufa katika vita dhidi ya Waherero, na chini yake kibao kilichowekwa 2009 kuwakumbuka waathirika wa Namibia. Tazama ukubwa wa kimoja na udogo wa kingine.

Kuhusu maisha ya kila siku, mawili matatu tu. Kituo cha treni hakina geti, unaingia tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa nayo mkononi, nimeinunua dakika tano nyuma, haina muhuri. Mtu aliyevaa jaketi la kawaida kabisa akatoa kitambulisho na nikalipa euro 60. Jumapili maduka hufungwa, basi nunua chakula Jumamosi, au uende supamaketi za kituo kikuu cha treni. Njia ya baiskeli iliyo kando ya barabara usitembee juu yake hata hatua moja; kengele utakayopigiwa haina adabu. Chupa za plastiki zina amana ya senti 25, na utaona watu hawazitupi ndani ya pipa bali wanaziweka kando yake chini. Chunguza ni nani anayekuja kuziokota, umri wake, saa ngapi. Hilo halimo katika kitabu chochote cha watalii, na litakueleza jambo kuhusu pensheni za nchi ile.

Nisikufiche kuhusu rangi yako. Berlin ina watu wa kila taifa, na siku nyingi hakuna atakayekugeukia. Lakini kuna siku mkaguzi wa tiketi ataanza na wewe wakati behewa limejaa, na kuna mtu atakuuliza umetoka wapi, umjibu, kisha aulize "kwa kweli" umetoka wapi. Tembea na kitambulisho, andika anwani ya unapoishi kwenye karatasi pia, na uwe na namba: 112 kwa dharura, 110 kwa polisi, 116117 kwa daktari usiku usipokuwa na hali ya kutisha. Na tafuta watu wa kuzungumza nao mapema, usingoje kuumia. Kile chumba cha vitabu cha Togostraße hakikuwekwa kwa ajili ya watafiti peke yao.

Picha piga, sikukatazi. Ila kila usiku kabla ya kulala andika kitu kimoja ambacho hukukielewa siku hiyo. Kimoja, kwa sentensi mbili. Kesho yake mwulize mwalimu wako au mhudumu wa bwenini. Nina madaftari ya namna hiyo ya wanafunzi wangu wa zamani, na nikikumbuka maswali yao, lile lililozaa insha nzuri kuliko zote lilikuwa: "Kwa nini treni ya M10 inapita huku na si kule?" Jibu ni kwamba tramu za mjini zilibaki upande wa mashariki; Berlin Magharibi ilizifuta zake, ya mwisho mwaka 1967. Ukitazama ramani ya tramu leo, bado unaona mahali Ukuta ulipopita.

Na lile Lango, usilikimbie. Nenda wiki ya kwanza, Juni, saa kumi na moja alfajiri. Jua litakuwa limeshachomoza na uwanja utakuwa wako na wafagizi. Lipige picha uwatumie waliokutajia. Kisha geukia Wilhelmstraße, tembea kuelekea kusini kama dakika kumi hadi namba 92. Hapo, mbele ya majengo ya makazi yasiyo na lolote la kuvutia, kuna kibao cha ukumbusho: mahali lilipokuwa jumba la kansela, ambamo mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Utasikia watu wakisema bara liligawanywa pale kwa rula. Mengi ya mipaka yalichorwa baadaye, kwa mikataba ya nchi mbilimbili. Mkutano uliweka kanuni za Kongo, za Niger na za jinsi ya kudai pwani. Lakini siku moja baada ya wajumbe kuondoka, tarehe 27 Februari, Kaisari aliipa kampuni ya yuleyule Carl Peters hati ya ulinzi juu ya nchi alizozikusanyia mikataba.

Kisome kibao polepole, kiandike jina la barabara na saa uliyofika. Darasa lako likianza saa tatu, utakuwa bado na muda wa kutosha kufika Rosenthaler Platz na kushuka Brunnenstraße kabla duka la kwanza halijafunguliwa.